Harufu ya Wanyama Katika Nyumba za Morogoro na Uluguru

Harufu inayobaki ndani ya nyumba wanamofugwa paka, mbwa, kuku au mbuzi haitoki kwa mnyama mwenyewe kwa kiasi ambacho wengi hudhani, bali hutokana na mambo matatu yanapokutana mahali pamoja, nayo ni uchafu wa mnyama, unyevu na muda. Mnyama mwenye afya, aliye mkavu na anayelala mahali pakavu, hana harufu ya kusumbua, ukiondoa beberu na paka dume asiyehasiwa, ambao watazungumziwa mbele. Mkojo ulioanguka asubuhi na kuachwa hadi jioni juu ya sakafu inayonyonya maji, katika chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana kaya mbili za mtaa mmoja wa Kihonda au Mji Mpya, mjini Morogoro, zinaweza kufuga paka wa aina moja, na mgeni akaingia katika nyumba ya kwanza asitambue kwamba kuna paka, ilhali katika ya pili akachagua kiti kilicho karibu na mlango. Tofauti yao haiko katika manukato yanayonunuliwa, bali katika kuwahi kuondoa na katika kukausha, na sehemu kubwa ya ushauri unaofuata ni ufafanuzi wa mambo hayo mawili.

Kukausha ni kazi ngumu zaidi Morogoro kuliko katika mikoa mikavu ya kati. Milima ya Uluguru, iliyo sehemu ya milima ya Tao la Mashariki na yenye kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600, huzuia pepo zenye mvuke zitokazo Bahari ya Hindi, kwa hiyo miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko mji wenyewe, ulio chini kwenye kimo cha mita 500 hivi. Masika ya Machi hadi Mei yanapoingia, nguo hazikauki kwa siku moja, mikeka huota ukungu, na chumvi zilizobaki sakafuni baada ya mkojo kukauka hunyonya unyevu wa hewani na kuachia harufu upya. Hivyo uvundo uliodhaniwa kuwa umekwisha Januari hurudi Aprili, na wengi hudhani kwamba mnyama amekojoa tena, wakamwadhibu kwa kosa ambalo hakulitenda, ilhali doa ni lilelile la zamani ambalo halikuwahi kuondolewa.

Mkojo mbichi wa mnyama mwenye afya hauna ukali mkubwa. Ndani yake mna urea, yaani takataka ya protini ambayo mwili huitoa kupitia figo, na bakteria waliopo sakafuni na hewani huivunja urea hiyo kidogo kidogo na kuigeuza kuwa amonia, gesi ile inayochoma pua na kutoa machozi. Kadiri saa zinavyopita ndivyo amonia inavyoongezeka. Kwa paka kuna nyongeza: mkojo wake una kitu kiitwacho felinini, asidi ya amino yenye salfa ndani yake, ambayo ikivunjika hutoa harufu kali isiyofanana na ya mnyama mwingine wa nyumbani. Paka dume asiyehasiwa hutoa felinini nyingi zaidi, kisha huirusha ukutani kwa makusudi ili kuweka mpaka wa himaya yake. Kwa paka wa namna hiyo hakuna sabuni inayoshinda kuhasiwa, jambo linalofanywa na daktari wa mifugo, ambaye katika mji wa Morogoro si wa kutafutwa mbali, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha tiba ya wanyama na kina hospitali yao. Inafaa ahasiwe kabla tabia hiyo haijawa mazoea, maana aliyekwisha kuzoea kurusha mkojo kwa miaka mingi huenda akaendelea kidogo hata baada ya kuhasiwa.

Hapa ndipo inapofaa kusahihisha desturi moja iliyoenea sana, yaani kumwagia majivu kila palipo na uchafu wa mnyama. Majivu ni dawa nzuri ya kinyesi, kwa sababu hukikausha upesi, hukifunika nzi wasikifikie, na hukifanya kishikike kwa koleo bila kuacha alama. Lakini juu ya mkojo uliolowa majivu hufanya kinyume cha yanayotarajiwa. Majivu yana asili ya magadi, yaani ni kinyume cha ukali wa ndimu au siki, na amonia ikikutana na magadi huachana na maji na kupaa hewani kwa wingi. Mtu aliyemwagia majivu mkojo wa sungura au wa mbuzi na kisha akahisi macho yakichomwa hakukosea kuhisi hivyo. Chokaa hufanya vilevile. Kwa mkojo kinachohitajika ni kitu chenye uchachu, kwa kuwa uchachu huikamata amonia na kuifanya chumvi isiyonuka, nayo siki nyeupe ya dukani, au maji ya ndimu pale siki inapokosekana, hutosha kabisa. Kaya itakayobadili jambo hilo moja tu itaona tofauti kabla ya juma kwisha.

Kazi yenyewe juu ya sakafu ya saruji, ambayo ndiyo sakafu ya nyumba nyingi za mjini, inahitaji kufanywa kwa utaratibu. Saruji isiyopigwa niru vizuri ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mkojo huzama humo kabla ya robo saa kupita. Kwa hiyo mkojo mbichi hausuguliwi, kwani kusugua huutandaza na kuusukuma chini, bali hufunikwa kwa kitambaa kikuukuu au magazeti, ambayo hukanyagwa kwa uzito wa mguu hadi yalowe, kisha hubadilishwa mara mbili au tatu mpaka yatoke makavu. Kikombe cha maji safi humwagwa mahali hapo na kunyonywa kwa njia hiyohiyo, kisha siki iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa humwagwa na kuachwa kwa dakika kumi na tano, ikionekana pengine kutoa povu dogo, maana siki huila saruji kidogo, na kwa sababu hiyo haifai kulala hapo usiku kucha. Mwisho sakafu husuuzwa, hufutwa, na dirisha hufunguliwa hadi pakauke. Kudeki nyumba nzima kwa dekio lililolowa mkojo huo, kama inavyofanyika mara nyingi asubuhi kwa haraka, ni kuugawia mkojo vyumba vyote.

Doa la zamani lina ugumu wake, na kwanza ni kulipata. Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ya aina ile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, ikimulikwa karibu na sakafu usiku taa zikiwa zimezimwa, huonyesha mkojo mkavu uking'aa kwa rangi ya manjano hafifu, na wenye nyumba hushangaa kukuta madoa nyuma ya kabati na chini ya mguu wa kochi ambako hawakuwahi kufikiria. Doa la namna hiyo hulowekwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya, yaani protini zinazokata vipande vikubwa vya uchafu kuwa vidogo visivyonuka, kisha hufunikwa kwa mfuko wa nailoni ili lisikauke kwa saa kadhaa, kwa sababu vimeng'enya hufanya kazi vikiwa majimaji tu. Maji ya moto huviharibu, hivyo hayatumiki. Sakafu iliyonyonya kwa miaka mingi ikikauka vizuri wakati wa kiangazi inafaa kupigwa niru upya au kupakwa rangi ya mafuta ili kuziba vitundu. Katika nyumba za udongo za milimani jambo ni jepesi zaidi, maana udongo ulionyonya mkojo hukwanguliwa kwa jembe hadi kina cha vidole viwili au vitatu, ukatupwa shambani, na udongo mpya ukashindiliwa mahali pake.

Onyo moja linastahili kurudiwa katika kila nyumba. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo asili yake ni klorini, haimwagwi juu ya mkojo wala haichanganywi na siki, kwani katika hali ya kwanza hutoa gesi iitwayo kloramini na katika ya pili gesi ya klorini yenyewe, na zote mbili huumiza mapafu, hasa katika choo au chumba kidogo kisicho na upepo. Vilevile zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa katika maji huwa na fenoli au mafuta ya msonobari, vitu ambavyo ini la paka haliwezi kuviondoa mwilini kama la mbwa au la binadamu. Paka hukanyaga sakafu iliyodekiwa kwa dawa hizo, kisha hulamba nyayo zake, na hivyo usafi uliokusudiwa kumfaa humdhuru.

Choo cha paka kinaweza kuwa beseni la plastiki, mchanga wa mto uliooshwa na kuanikwa, na kijiko kikubwa kilichotengwa kwa kazi hiyo. Maranda ya mafundi seremala yanafaa pia, alimradi hayana vumbi jingi wala dawa ya mbao. Kinyesi huondolewa kila siku bila kukosa, na sababu si harufu peke yake: vimelea vya toksoplasma, ambavyo paka wengine hutoa katika kinyesi na ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, hivyo choo kinachosafishwa kila siku huondoa hatari kabla haijakomaa, na kazi hiyo hufanywa na mtu asiye mjamzito. Nyumba ya kupanga yenye paka wawili huhitaji mabeseni mawili hata kama nafasi ni finyu. Paka anayekataa beseni lake mara nyingi amelikuta chafu, au limewekwa karibu na chakula chake, jambo ambalo hata binadamu asingelikubali.

Wapo wanaoona kwamba uvumba, udi au manukato ya kupuliza ya dukani yatamaliza yote haya. Pua ya binadamu huzoea harufu ya kudumu kwa muda wa dakika chache na kuacha kuiarifu akili, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua hali ya nyumba yake, na manukato humwongezea kutojua huko. Mnyama hadanganyiki. Morogoro ina ushahidi mkubwa wa jambo hilo kuliko miji mingi duniani, kwa kuwa shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2000, huwafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyozikwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyelelewa na kufundishwa Morogoro kisha akapelekwa Kambodia, alitunukiwa mwaka 2020 nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza kwa kazi yake. Ikiwa panya hunusa baruti iliyo chini ya udongo, paka hashindwi kunusa mkojo wake wa juzi chini ya harufu ya waridi, na akiunusa hurudi palepale kuuongezea. Mwenye nyumba anayetaka kujua ukweli atoke kwa saa moja au mbili, arudi, asimame mlangoni na kuamini pumzi ya kwanza, au amwombe jirani asiyefuga amwambie bila kumstahi.

Katika miteremko ya Uluguru suala la hewa lina sura yake, na wajenzi wa zamani walilielewa bila vitabu. Mchana jua hupasha moto ubavu wa mlima na hewa hupanda. Usiku ubavu hupoa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka bondeni ikifuata makorongo kama maji yanavyofuata. Banda la mbuzi lililojengwa juu ya nyumba kwenye mteremko huiletea nyumba hiyo hewa yake usiku kucha, saa ambazo watu wamelala, na wakati wa mvua huiletea na maji yake pia. Banda hukaa chini ya nyumba au ubavuni mwake, mbali na kijito, na hili la kijito halihusu kaya moja tu, maana maji ya Uluguru huingia katika mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam.

Tarafa ya Mgeta inastahili kutazamwa kwa karibu katika hili. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliletwa Morogoro miaka ya 1980 na kusambazwa huko kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine, na ufugaji wao umefanya mbuzi akae karibu sana na jiko na kitanda. Banda linalofaa ni la kichanja, yaani lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa ya mbao au fito zilizoachana kwa sentimita moja na nusu hivi, upana unaopitisha vidonge vya kinyesi lakini usionase kwato. Mkojo hauna mahali pa kutuama, mnyama hulala pakavu, na samadi iliyo chini huzolewa kila baada ya siku chache ikapelekwa kwenye makinga ya kabichi. Beberu hutengwa. Wakati wa kupanda hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na nyuma ya pembe zake mna tezi zinazotoa mafuta yenye harufu isiyosahaulika. Maziwa huinyonya harufu hiyo yakikamuliwa karibu naye, na mnunuzi aliyewahi kuyaonja hayarudii. Anayemhudumia beberu abadili nguo nje, kabla ya kuingia ndani.

Kuku hulala jikoni au ndani ya nyumba katika vijiji vingi kwa hofu ya wezi na vicheche, na hofu hiyo ni ya haki, hivyo haisaidii kuwaambia watu wawatoe nje pasipo banda imara. Kinachosaidia ni matandazo, yaani tabaka la kitu kikavu chini yao, na Morogoro, mkoa wa mpunga, ina pumba za mpunga za bei nafuu mashineni. Mfugaji huchota matandazo kwa mkono na kuyafinya: yakishikamana kama tonge la ugali yamelowa kupita kiasi na yanahitaji kugeuzwa na kuongezwa makavu, yakimwagika kama vumbi yamekauka mno, yakishikana kidogo kisha yakaachana yako sawa. Kipimo cha pili ni kuchuchumaa hadi kimo cha kuku na kuvuta pumzi hapo, si kwa kusimama, maana hewa ya chini ndiyo anayoivuta kuku, na amonia inayochoma pua ya mtu imekwisha kumdhuru ndege njia ya hewa na kumfungulia maradhi mlango. Kasuku na njiwa ndani ya vizimba nao huumizwa upesi na moshi wa udi na wa mafuta yaliyoungua.

Kuhusu mbwa hakuna mengi. Familia nyingi, hasa za Kiislamu, humweka nje, na banda lake linahitaji sakafu iliyoinuka kutoka ardhini, paa lisilovuja na gunia linaloanikwa juani kila jua linapotoka. Aliyenyeshewa hukaushwa kwa kitambaa kabla ya kulala, na kuoga mara moja kwa mwezi kunamtosha. Lakini mbwa anayenuka siku mbili baada ya kuogeshwa hahitaji sabuni nyingine. Masikio yenye harufu ya hamira huwa na fangasi, kinywa kinachooza huwa na meno mabovu au pengine figo zilizochoka, na shombo la samaki sehemu za nyuma hutoka katika tezi mbili ndogo zilizo kando ya njia ya haja kubwa, ambazo zimeziba. Hayo yote ni ya daktari wa mifugo, kama ilivyo kwa paka dume anayejikamua bila mkojo kutoka, ambaye hasubiri hadi kesho.

Baada ya kuondoa, kukausha na kufungua madirisha, pamoja na yale matundu ya juu ya ukuta ambayo watu huyaziba kwa matambara kwa kuogopa mbu ilhali wavu ungetosha, nyumba inaweza kupewa harufu ya kupendeza kwa sababu sasa haina kitu cha kuficha. Wakulima wa Kinole na Matombo hulima mdalasini, na magome yake machache yakichemshwa katika sufuria pamoja na majani ya mchaichai kwa nusu saa hutosha kwa sebule nzima. Mafuta yaliyokamuliwa ya karafuu na ya mchaichai ni jambo tofauti, kwa kuwa ni makali mno kwa paka, na hayapakwi juu yake wala pale anapolala. Sufuria inapochemka mlango huachwa wazi, ili paka asiyeipenda harufu hiyo apate njia ya kutoka.